UZI: Heksokinasi, kimeng'enya kinachofumba kinywa kabla ya kufanya kazi

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kwa muda mrefu nimetamani kuandika juu ya kimeng'enya (protini inayoharakisha miitikio ya kikemia mwilini) ambacho vitabu vingi vya baiolojia hukipa mstari mmoja tu: heksokinasi huongeza fosfati kwenye glukosi, sukari ya kwenye damu. Mwanafunzi anaukariri, anaujibia mtihani, anausahau. Nami nilifanya vivyo hivyo. Miaka ilipita, nikaja kuona picha mbili za protini hii zimewekwa sambamba, moja ikiwa tupu na nyingine ikiwa imeshika glukosi. Nilizitazama jioni nzima. Protini ile ile, amino asidi (vipande vinavyoijenga) zile zile, lakini umbo si lile. Nataka tuzungumze juu ya tofauti hiyo, maana kwangu mimi mambo karibu yote ya kimeng'enya hiki yanaanzia hapo.

Tuanze na kazi yenyewe. Glukosi huingia ndani ya seli kupitia protini zilizokaa kama milango kwenye utando, na milango hiyo inaruhusu pande zote mbili. Ikiachwa hivi hivi, glukosi iliyoingia inaweza kutoka. Heksokinasi inachukua fosfati ya mwisho ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika kwenye kaboni namba 6 ya glukosi. Inapatikana glukosi-6-fosfati, ambayo ina chaji hasi, na milango ya glukosi haiitambui tena. Sukari imenaswa. Na kwa kuwa kila glukosi inayoingia inabadilishwa haraka, glukosi huru ndani ya seli hubaki chache, hivyo nyingine zinaendelea kumiminika kutoka nje.

Kinishati, kuvunja ATP kunatoa kama kilojuli 30.5 kwa moli, na kuipachika glukosi fosfati kunagharimu 13.8. Zinabaki 16.7, na kwa sababu hiyo mwitikio huu haurudi nyuma ndani ya seli. Ini linapotaka kurudisha glukosi kwenye damu hutumia kimeng'enya kingine kabisa, glukosi-6-fosfatasi. Misuli haina hicho kimeng'enya, kwa hiyo sukari iliyoingia kwenye msuli hutumika humo humo.

Jina heksokinasi alilitoa Otto Meyerhof mwaka 1927, baada ya kupata kutoka kwenye hamira kitu kilichoamsha uchachushaji wa sukari kwenye dondoo la misuli, kitu ambacho kilikufa kikichemshwa. "Kinasi" ni jina la vimeng'enya vyote vinavyohamisha fosfati kutoka kwenye ATP kwenda kwenye molekuli nyingine.

Sasa tatizo, na naomba mlifikirie kabla sijaendelea. Kinachopokea fosfati kwenye glukosi ni kikundi cha haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni. Maji nayo ni oksijeni na haidrojeni. Na maji yapo kila mahali, moli 55 kwa kila lita, wakati glukosi kwenye damu ni milimoli 5 hivi. Kwa hesabu hiyo, kwa kila molekuli moja ya glukosi kuna molekuli za maji kama 11,000 zinazogombania fosfati ile ile. Maji yakishinda, ATP inavunjika bure, joto linatoka, na seli haijapata chochote.

Kimeng'enya hiki kinayazuiaje maji?

---

Nuru_ya_Kemia

Nafuatilia mkuu. Mimi nilifundishwa ule mfano wa ufunguo na kufuli, kwamba glukosi ndiyo ufunguo unaoingia kwenye kufuli lake. Sasa kama maji yanafanana na sehemu ya ufunguo, kufuli litayakataaje? Kitu kidogo hakishindwi kupita penye tundu kubwa.

---

Mleta uzi

Umeligusa penyewe, ndugu. Mfano wa ufunguo na kufuli aliutoa Emil Fischer mwaka 1894, na uliisaidia sana sayansi wakati wake. Unaeleza kwa nini kitu kikubwa kupita kiasi hakiingii. Hauelezi kwa nini kitu kidogo kama maji hakifanyi kazi, ilhali kinaingia bila shida. Swali hilo ndilo lililomfanya Daniel Koshland apendekeze mwaka 1958 kwamba kimeng'enya hakina umbo la kudumu linalosubiri. Molekuli sahihi inapoingia, yenyewe ndiyo inayokisukuma kibadilike hadi viungo vya kazi vikae mahali pake. Alisema hivyo kabla hajawahi kuuona mjongeo wenyewe.

Ushahidi ulikuja kutoka kwenye fuwele za heksokinasi ya hamira. Thomas Steitz na wenzake walizipiga eksirei, na mwaka 1978 wakaweza kulinganisha umbo lenye glukosi na lisilo nayo. (Steitz huyu ndiye aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2009 kwa kazi ya ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini.) Protini ina sehemu mbili, moja kubwa na moja ndogo, na kati yake kuna ufa mrefu. Zifikirie kama mataya mawili. Glukosi inakaa ndani kabisa ya ufa. Ikishakaa, taya dogo linazunguka kama nyuzi 12, na baadhi ya sehemu zake zinasogea hadi nanomita 0.8. Ufa unafumba, glukosi inazingirwa karibu pande zote, na kinachobaki wazi ni ile haidroksili ya kaboni ya 6, ikielekea mahali ATP inapokaa.

Nanomita 0.8 ni ndogo kiasi cha kutowazika, lakini molekuli ya maji yenyewe haifiki nanomita 0.3. Kwa vipimo vya humo ndani, ukuta umehama.

Hapo maji yanasukumwa nje ya ufa. Zaidi ya hayo, viungo vya kuhamishia fosfati havijipangi sawasawa mpaka mataya yafumbe. Maji yanapoingia peke yake kwenye kinywa kilicho wazi hayana uwezo wa kukifumba. Yanakuta mashine ambayo haijaunganishwa. Matokeo yake ni kwamba heksokinasi ya hamira huipa glukosi fosfati kwa kasi inayozidi ile ya kuyapa maji kwa kiasi cha mara 40,000.

Kuhusu viungo vyenyewe, kwa wanaopenda undani: anayefanya kazi kubwa ni aspateti mmoja, yaani amino asidi moja, aliyeko ndani ya ufa (kwenye glukokinasi ya binadamu, ndugu wa heksokinasi, ni namba 205). Anaivuta haidrojeni ya haidroksili ile ili oksijeni ipate nguvu ya kuishambulia fosfati. Magnesi naye lazima awepo. ATP ina chaji hasi nyingi, na bila ayoni ya magnesi kuzituliza, oksijeni ya glukosi ingesukumwa mbali. Kimsingi kimeng'enya hiki hakitumii ATP tupu. Kinatumia ATP iliyoshikana na magnesi.

---

Mwanafunzi_wa_Pili

Mwalimu shikamoo. Nina swali, labda ni la kitoto. Kama kufumba ndiko kunakoleta ufanisi, kwa nini kimeng'enya kisiwe kimefumba muda wote tangu mwanzo? Na tunajuaje kwamba ni kufumba kweli kunakoyazuia maji, si jambo lingine?

---

Mleta uzi

Marahaba. Si swali la kitoto hata kidogo.

La kwanza: kikifumba muda wote glukosi itapitia wapi? Na ikishapata fosfati itatokaje? Lazima kifumbue kupokea, kifumbe kufanya, kifumbue kutoa.

La pili lina jaribio ninalolipenda kuliko yote kwenye mada hii. Kuna sukari inaitwa zailosi. Ina kaboni 5. Ukiichora kando ya glukosi utaona ni kama glukosi iliyokatwa kaboni ya 6 pamoja na haidroksili yake, kwingine zinafanana. Zailosi inaingia kwenye ufa, inashikwa, mataya yanafumba. Lakini haina haidroksili ya kupokea fosfati, na pale ambapo ingekuwepo pamebaki nafasi inayotosha molekuli ya maji. Watafiti walipoipa heksokinasi zailosi, kasi ya kuvunja ATP kwa maji ilipanda sana.

Tafakari maana yake. Maji yalikuwepo tangu mwanzo, ATP ilikuwepo, kimeng'enya kilikuwepo. Kilichoongezwa ni kitu kisichoweza kupokea fosfati ila kinaweza kukifumbisha kimeng'enya. Kikafumba, kikafanya kazi, na maji yaliyokuwa yamebanwa humo ndani yakaipokea fosfati. Huwezi kupata ushahidi safi kuliko huo kwamba umbo ndilo linalowasha kazi.

---

Tabibu_Msomaji

Uzi mzuri sana mkuu. Naomba ufafanue jambo moja kwa faida ya wengi: heksokinasi na glukokinasi ni kitu kimoja au viwili? Wanafunzi huzichanganya kila mwaka.

---

Mleta uzi

Asante daktari. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Mamalia wana aina nne zinazojulikana vizuri, na glukokinasi ni ya nne. (Kuna jeni la tano lililotambuliwa baadaye, sitaliingia hapa.) Tatu za kwanza zina uzito wa kama kilodaltoni 100 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), glukokinasi ina 50 na amino asidi 465. Ukiitazama heksokinasi ya kwanza utaona nusu mbili zinazofanana, zimeunganishwa kichwa kwa mkia. Inaelekea jeni la zamani la kilodaltoni 50 lilijirudufu na nakala zake zikaungana. Kwenye aina ya kwanza nusu moja tu ndiyo inayofanya kazi ya kuhamisha fosfati, nyingine imebaki na kazi za udhibiti. Kwenye aina ya pili, ile iliyojaa kwenye misuli, nusu zote mbili zinafanya kazi.

Tofauti inayomhusu kila mtu ni njaa ya glukosi. Aina ya kwanza, inayotegemewa na ubongo na chembe nyekundu za damu, inafikia nusu ya kasi yake glukosi ikiwa chini ya milimoli 0.1 kwa lita. Sukari ya damu hata ikishuka vibaya, yenyewe bado imeshiba. Breki yake ni zao lake mwenyewe: glukosi-6-fosfati ikirundikana, inazuiwa. Seli ikiwa haina haja, haichukui.

Glukokinasi iko kwenye ini na kwenye seli za beta za kongosho, na inafikia nusu ya kasi kwenye milimoli 8 hivi. Haizuiwi na zao lake. Maana yake ni kwamba sukari ya damu inapopanda baada ya mlo, kazi yake inapanda nayo, ikishuka, inashuka. Kwenye ini, hii inaruhusu sukari ya ziada ichukuliwe na kuwekwa akiba kama glaikojeni. Kwenye kongosho, kasi ya glukokinasi ndiyo inayoiambia seli ya beta kuna sukari kiasi gani na itoe insulini kiasi gani. Ndiyo kipimo cha sukari cha mwili.

Na hapa kinywa kinarudi. Mchoro wa kasi ya glukokinasi dhidi ya glukosi haupandi kama kawaida. Una mkunjo wa herufi S, dalili ambayo kwa kawaida huonekana kwenye protini zenye vipande kadhaa vinavyosaidiana, kama himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Lakini glukokinasi ni kipande kimoja, chenye nafasi moja ya glukosi. Inasaidiana na nani?

Picha za fuwele zilizotolewa mwaka 2004 zilisaidia kujibu. Bila glukosi, glukokinasi inalegea na kufumbua kinywa kupita kiasi. Kati ya hali hiyo na ile ya kufumba, taya dogo linageuka karibu nyuzi 100. Linganisha na zile 12 za hamira. Kutoka kwenye kulegea huko hadi kufumba kunachukua muda. Glukosi ikiwa chache, kila baada ya kazi kimeng'enya kinapata nafasi ya kulegea, na safari inayofuata inaanza polepole. Glukosi ikiwa nyingi, nyingine inaingia kabla hakijalegea, kazi inaendelea kwa kasi. Kwa hiyo kinasaidiana na nafsi yake ya dakika iliyopita, tuseme hivyo. Nimeshindwa kupata maneno mazuri zaidi.

Kwenye ini kuna mlinzi pia: protini inayoikamata glukokinasi na kuifungia ndani ya kiini cha seli wakati wa njaa. Sukari mbili zenye fosfati zinaiongoza: fruktosi-6-fosfati inakaza mshiko huo, fruktosi-1-fosfati inaulegeza, na glukosi nyingi inaifungua. Emile Van Schaftingen ndiye aliyeitambua.

---

Dada_Mtulivu

Habari zenu. Mimi si mtu wa sayansi, nimesoma taratibu sana na nimerudia mara mbili. Naomba kuuliza jambo langu.

Niligundulika na sukari nikiwa na miaka 19, kwa bahati tu, nilipopimwa kwa jambo lingine. Sasa ni miaka 11. Asubuhi kabla ya kula huwa 6.4, 6.8, 7.1. Haijawahi kuwa 10. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hucheza kwenye 6.5. Si mnene. Nilipewa vidonge, vikaongezwa, vikabadilishwa, na namba hazikuwahi kusogea. Kila nikienda kliniki naulizwa nakula nini kwa siri. Nilishalia sana kwa ajili ya hilo. Hii habari ya kipimo cha sukari cha mwili inaweza kunihusu?

---

Mleta uzi

Dada, pole sana. Kwanza niseme wazi: mimi si daktari wako, na tafadhali usiache dawa yoyote kwa sababu ya uzi huu. Lakini swali lako ni la haki kabisa.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni la glukokinasi, moja kutoka kwa kila mzazi. Kuna watu ambao nakala moja ina kasoro. Mabadiliko hayo yalianza kuripotiwa mwaka 1992, na sasa yanajulikana mamia. Mengine yanaharibu mahali glukosi inaposhikwa, mengine yanaifanya protini ilegee au ivunjike haraka. Matokeo ni kwamba kipimo cha mwili kinasoma pungufu. Kongosho la watu wengi huanza kutoa insulini ya kutosha kwenye milimoli 5 hivi. La kwao husubiri mpaka 6 au 7. Baada ya hapo linafanya kazi vizuri. Ndiyo maana sukari yao ya asubuhi ipo juu kidogo, kwa kawaida kati ya 5.5 na 8, tangu kuzaliwa, na haipandi sana kadiri miaka inavyokwenda. Vidonge huwa havisogezi namba, kwa sababu mwili unairudisha pale unapopaona ndipo sawa. Hakuna anayekula kwa siri.

Wengi wao hawahitaji dawa nje ya ujauzito, na madhara ya macho, figo na mishipa yanayoogopwa kwenye kisukari ni nadra kwao.

Jambo la kuuliza nyumbani: je, baba au mama ana sukari ya asubuhi ya namna hiyo hiyo? Ikiwa hali ni hii, kwa kawaida mzazi mmoja anayo, hata kama hajawahi kupimwa. Ndugu na watoto nao kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kipimo cha kuthibitisha ni cha jeni, na kinafanywa mara moja tu maishani.

---

Tabibu_Msomaji

Nakubaliana na mleta uzi. Dada, nenda na karatasi yenye namba zako za miaka yote 11, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Mstari ulionyooka hivyo unaongea kuliko maelezo.

Naongeza kwa wasomaji wengine: akiwa na kasoro kwenye nakala zote mbili, mtoto huzaliwa na kisukari kikali cha kudumu. Na kuna upande wa pili, mabadiliko yanayokifanya kimeng'enya kifumbe kwa urahisi mno. Huko kongosho linatoa insulini wakati sukari iko chini, na mtu anaishiwa sukari akiwa amefunga. Hayo yaliripotiwa mwaka 1998.

---

Mleta uzi

Na jambo linalonigusa, daktari, ni kwamba mengi ya mabadiliko hayo ya upande wa pili yamekusanyika mahali pamoja: mfuko ulio mbali kidogo na glukosi, kwenye bawaba kati ya mataya mawili. Watengenezaji wa dawa waliutambua mfuko huo huo. Dawa ikikaa pale, kinywa hakilegei kupita kiasi. Moja ya dawa za namna hiyo, dorzagliatini, iliidhinishwa China mwaka 2022 kwa kisukari cha aina ya pili.

---

Nuru_ya_Kemia

Swali la mwisho kwangu. Kile kipimo cha kutafuta saratani kwa sukari yenye mionzi, nacho kinahusiana na heksokinasi?

---

Mleta uzi

Ndiyo, moja kwa moja. Glukosi inayotumika imeondolewa haidroksili ya kaboni ya 2 na kuwekewa florini-18, ambayo nusu yake huisha kwa dakika kama 110. Heksokinasi inaipokea na kuipa fosfati kwenye kaboni ya 6. Lakini hatua inayofuata inaihitaji haidroksili ya kaboni ya 2, na haipo. Sukari hiyo haiendi mbele wala haitoki. Uvimbe mwingi wa saratani una heksokinasi ya pili kwa wingi, hivyo unang'aa kwenye picha. Ubongo nao unang'aa, bila ugonjwa wowote.

---

Dada_Mtulivu

Nimerudi. Nimempigia baba, akapima kesho yake asubuhi kabla ya chai: 6.7. Ana miaka 61, hajawahi kuugua wala kutumia dawa. Mdogo wangu wa kiume 6.3. Nilienda na karatasi kama daktari alivyoshauri, na safari hii nilisikilizwa. Sampuli ya damu imetumwa. Nimeuliza pia kuhusu ujauzito maana nina wiki 9, nikaambiwa nitaelezwa baadaye.

---

Mleta uzi

Dada, hongera kwa ujauzito. Hilo la mwisho usiliache lisubiri sana. Majibu yakithibitisha, kinachoamua ni kama mtoto naye amerithi. Akiwa amerithi, kongosho lake linaiona sukari yako kuwa ya kawaida, na kukushusha kwa insulini kunaweza kumfanya azaliwe mdogo. Akiwa hajarithi, anaiona iko juu, anatoa insulini nyingi na anaweza kukua kupita kiasi. Kwa hiyo madaktari hufuatilia ukuaji wake kwa picha za mawimbi ya sauti na kuamua kwa kuangalia hilo, si sukari yako peke yake. Mwambie daktari anayekuhudumia ujauzito kuhusu baba yako na mdogo wako wiki hii hii, hata kabla majibu hayajatoka.